Mkanda wa Mashine ya Ngano

Yule fundi wa mashine ya kupura ngano hakimbizwi na mtu, hata wingu likitanda. Hugusa kitu kimoja, husikiliza, ndipo aguse kingine. Siku moja mashine kuukuu, ambayo chama cha ushirika kiliinunua pamoja na shamba la mzungu, ilifungwa kwa mkanda kwenye trekta jipya ikawatemea watu masuke usoni. "Fundi, mvua iko Kesses tayari, inakuja huku!" alilia Mama Jelagat, mwenyekiti. Fundi alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Hii trekta inazungusha kinyume, Mama." Akazima trekta, akaupinda mkanda ukapishana katikati kama tarakimu 8, akawasha, na ngano ikamiminika guniani. Vigelegele! Yeye akazima trekta tena, akaurudisha mkanda ulivyokuwa, akakalia gunia. "Kesho mimi sipo, Mama. Hebu tengeneza wewe."