Kiraka cha Kwenda Ukweni

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Nilikuwa naenda Bugene kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, na suruali yangu pekee ya heshima ilikuwa imechanika makalioni. Kuitupa? Sithubutu. Nikakata kiraka kwenye fulana kuukuu niliyopewa na muuza chakula cha kuku. Niliigeuza suruali ndani nje, nikashona maandishi ya fulana yakiangalia chini, nikaamini nimeyaficha. Bodaboda akapiga honi, nikaigeuza tena upande wa nje na kuivaa mbiombio bila kutazama kilichojitokeza kwenye tundu.

Ukweni nikainama mbele ya baba mkwe. "Shikamoo, mzee." Nyuma yangu mashangazi wakaguna. Nikadhani wamependa adabu yangu, nikazidi kuinama.

"Baba, kiraka hicho nani kakushonea?" akauliza mmoja.

"Mwenyewe! Kwangu nguo haitupwi," nikajibu, nikamgeuzia na mama mkwe mgongo naye aone vizuri.

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Kuku wa mayai."

Mchumba wangu akajifunika kanga usoni. Baba mkwe, ambaye hakuwa ametabasamu tangu nifike, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tukuletee kiti au kiota?"