Lenzi Pana ya Kutazamia Kilimia

Nakumbuka, mwanangu, nilivyoambiwa kwamba lenzi pana ya darubini inanyonya jicho. Jamaa mmoja wa Chiwanda, walisema, alichungulia mara moja tu, jicho likachomoka, likanasa ndani ya lenzi kama kokwa ya buni. Niliamini. Niliamini kuliko hesabu zote nilizofundishwa kwenye masomo ya jioni.

Nilikuwa kijana hapa Matiri, na darasa letu la jioni lilikuwa limeazimwa darubini kwa juma moja. Mwalimu wetu, Mnyasa wa kule ziwani, alisema wazi: wazee wakiipenda, inabaki; wasipoipenda, Jumatatu inarudi Songea. Nikakabidhiwa mimi. Niliipenda darubini ile kuliko mchumba wangu, na mchumba alijua.

Ilikuja na lenzi mbili za kuchungulia, zile ndogo unazowekea jicho. Moja imeandikwa sita, nyingine, nene, ndiyo ile pana, thelathini na mbili. Ile nene nikaifunga ndani ya soksi, nikaificha, nisije nikapofusha wazee wa watu.

Jioni wakaja wazee elfu kumi. Haya, tuseme kumi na wawili. Walitaka kitu kimoja: Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo babu zetu walizitazama wakipanga kulima. Nikaweka lenzi yenye namba sita. Bibi Agata akatangulia.

"Shikamoo bibi. Tazama hapo."

"Marahaba. Mbona naona nyota moja tu?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Kubwa!"

"Kilimia ni kundi, mjukuu wangu. Wenzake umewapeleka wapi?"

Wazee wakaangua kicheko, wawili wakaanza kuvaa makoti waondoke. Mwalimu akanivuta pembeni.

"Lenzi nyingine iko wapi?"

Nikamweleza habari za jicho la Chiwanda. Hata hakucheka.

"Lenzi hainyonyi jicho. Ninyi Wamatengo, bwana! Unamwonyesha mtu shimo moja la ngolo, hayo mashimo mnayolimia, halafu unamwambia ameona shamba zima la mlimani? Namba ndogo inakuza sana na kubana. Namba kubwa inakuza kidogo, unaona anga pana. Ilete."

Nikaitoa kwenye soksi, nikaiweka, nikachungulia kwanza mimi, kope nimezishikilia kwa vidole. Jicho halikwenda popote. Kilimia chote kilikuwa humo, kinameta, na nafasi imebaki pembeni. Bibi Agata alipoinama hakuinuka mpaka wenzake walipomsukuma.

"Hii haiendi Songea," alisema.

Nilishusha pumzi, nadhani migomba ya kule mbali Litumbandyosi iliyumba.

Basi mwanangu, ukichagua lenzi, anza na pana. Ya kukuza sana itafuata. Uliza pia inaonyesha anga kiasi gani, maana mbili zenye namba moja huweza kutofautiana. Kama unavaa miwani, ijaribu ukiwa nayo. Na habari ya kutisha ikikufikia, muulize anayejua siku hiyohiyo, usione haya. Mungu akupe macho yenye afya, anga lisilo na wingu, na watu wa kutazama nao.