Mama Pasi na Bendera Nyeupe

Walimwita Mama Pasi kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha chini kilichojaa mvuke kama sufuria iliyofunikwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama za moto na ulimi usiojua kupumzika. Mambo ya riadha hakuyajua hata chembe. Siku alipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, hakwenda kutazama mashindano. Alikwenda kumpelekea binti yake viatu alivyovisahau chini ya kitanda.

Binti alikuwa mrukaji wa umbali, wale wanaokuja mbio, wakakanyaga ubao na kujitupa mchangani. Mama Pasi akamrushia viatu juu ya uzio, akageuka aende zake. Ndipo akaitwa na mzee mwenye kofia pana na filimbi shingoni. Uwanja mzima ulimjua kwa jina la Mzee Filimbi. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia miruko, na asubuhi hiyo wasaidizi wake wawili hawakuonekana.

"Dada, una haraka?"

"Ninayo, lakini si sana."

"Basi njoo unishikie huku."

Akampa ncha ya utepe wa kupimia, akamwambia aichomeke mchangani pale mrukaji atakapotua. Msichana wa kwanza akaruka. Mama Pasi akachomeka kwenye shimo la visigino, akajiona kamaliza kazi.

"Si hapo, dada. Tazama nyuma kidogo."

Akatazama. Nyuma ya visigino, upande wa ubao, palikuwa na alama ya kiganja. Msichana aliyumba alipotua, akajishikiza kwa mkono.

"Tunapima alama iliyo karibu zaidi na ubao," alisema Mzee Filimbi. "Iwe ya mguu, ya mkono, hata ya makalio."

"Yaani huyu mtoto kapoteza karibu nusu mita kwa kiganja tu?"

"Kwa kiganja tu."

Mama Pasi akachutama, macho yamemtoka. Kumbe watu walikuwa wanapiga kelele juu ya mambo makubwa makubwa, na huku chini, mchangani, kitu kidogo kama hiki ndicho kilichokuwa kikiamua! Haraka yake ikayeyuka. Alikaa mpaka mruko wa mwisho, akarudi nyumbani na mchanga mpaka masikioni, akisimulia kiganja kile kama mtu aliyeona ajali.

Mwaka haukuisha, binti akaachana na riadha, akahamia kwenye uchoraji. Mama hakuachana nayo. Mumewe, fundi wa mabomba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sijapata kuona! Mwanafunzi kaacha shule, mzazi ndiyo kwanza anakwenda!"

"Cheka tu, baba watoto. Ila Jumamosi chakula mtajipakulia."

Siku moja Mzee Filimbi akamwita pembeni. "Dada, kushika utepe mtu yeyote anaweza. Wewe unaona. Chama cha riadha kinafungua kozi ya waamuzi. Ukifaulu unapata cheti cha daraja la tatu. Jiandikishe."

Akajiandikisha, roho mkononi. Kozi ilikuwa ya siku tatu, katika darasa la chuo cha ualimu lenye feni iliyolia kama mbuzi. Wenzake ishirini na watano karibu wote walikuwa walimu wa michezo waliovaa filimbi kama wengine wanavyovaa mikufu. Yeye alikuwa na kalamu mbili na kitabu cha sheria alichokifunika kwa kipande cha shuka. Mtihani ulitaka alama sabini. Akapata sitini na sita.

Habari zikafika chumba cha mvuke kabla yake. "Mama Pasi hakupasi!" wakaimba wale wanawake wenzake, na yeye mwenyewe akaangua kicheko huku machozi yakimlengalenga. Lakini kesho yake akafunga kibwebwe. Alibandika kurasa za sheria ukutani, mbele ya meza yake, na wale wale waliomwimbia wakageuka walimu. Huku wanakunja mashuka, wanamrushia maswali.

"Upepo wa nyuma ukizidi mita mbili kwa sekunde?"

"Rekodi hakuna, ila ushindi uko palepale!"

"Mrukaji akitoka mchangani kwa kurudi nyuma, akakanyaga nje karibu na ubao kuliko alipotua?"

"Mruko umeharibika! Bendera nyekundu!"

Baada ya miezi sita akarudia mtihani. Alama tisini na moja. Siku alipovaa fulana ya waamuzi kwa mara ya kwanza aliipiga pasi mara tatu, mpaka mumewe akamwonya kwamba itapitiliza iwe karatasi.

Kisha ikawa kazi. Mashindano ya shule, ya wilaya, ya majeshi. Jua la kuchoma na mvua ya ghafla. Kila alikohudumu, daftari lake lilitiwa sahihi. Alijifunza kukaa karibu na ubao bila kumtisha mrukaji, na kutazama mguu tu hata kama uwanja mzima unatazama uso. Baada ya miaka minne akapanda daraja la pili. Lililobaki lilikuwa la kwanza, na hilo hulipati darasani. Wakaguzi wawili hukaa jukwaani na kukutazama ukifanya kazi kwenye mashindano ya taifa.

Siku ikafika. Fainali ya wanawake, raundi ya sita. Mama Pasi alikaa kwenye kiti chake kando ya ubao, bendera mbili mapajani. Warukaji wawili tu ndio walikuwa bado hawajaruka. Namba kumi na saba, msichana mwembamba aliyekuwa wa tatu mpaka wakati huo, akasimama mwisho wa njia, akapumua, akaanza kuja.

Alikuja kama upepo. Mguu ukapiga ubao, pa! Akapaa, akakaa hewani mpaka watu wakasahau kupumua, kisha akaingia mchangani.

"Kakanyaga! Kakanyaga!" jukwaa likalipuka. Kutoka kule juu ilionekana wazi kabisa kwamba kavuka mstari.

Mama Pasi hakuwa juu. Alikuwa hapo, hatua moja. Aliona ncha ya kiatu ikitua juu ya rangi nyeupe, ikaacha nafasi nyembamba kama uzi kabla ya mstari. Akasimama, akainua bendera nyeupe.

Mizomeo ikamwagika. Kocha wa msichana aliyekuwa anaongoza akaja mpaka kwenye kamba.

"Mama, macho umeyaacha nyumbani?"

"Mwalimu, kama unapinga, mwamuzi mkuu yule pale. Mimi nimeshasema nilichoona."

Mwamuzi mwenzake akainama na ufagio asafishe ubao. "Usiguse!" Mama Pasi akaruka akasimama mbele yake. "Asiguse mtu hapa mpaka mkuu afike!"

Mwamuzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani, akaja bila haraka. Akapiga magoti. Mbele ya mstari kulikuwa na ukanda wa udongo laini ambao hata ukucha ukiugusa huacha alama. Akautazama kutoka kushoto, akautazama kutoka kulia, akapitisha tochi ndogo. Ulikuwa laini kama siagi isiyotiwa kisu.

"Mruko ni halali. Pimeni."

Mita sita na sentimita sitini na moja. Upepo, moja nukta nne. Rekodi ya taifa iliyodumu miaka kumi na tisa ilikuwa imevunjika, na uwanja uliokuwa ukizomea sasa ukawa unarukaruka. Namba kumi na saba akaja mbio, mikono wazi, amkumbatie Mama Pasi. Mwamuzi hashangilii. Mama Pasi akauma mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

"Hongera, mwanangu. Sasa toka njiani, bado yuko mmoja."

Wiki mbili baadaye simu yake iliita katikati ya mvuke. Alikuwa Mzee Filimbi, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya kijana. Daraja la kwanza amelipata. Tena si hilo tu: jina lake limo kati ya waamuzi sita watakaopelekwa kwenye michezo ya nchi jirani mwezi wa nane.

Mama Pasi akapiga yowe, wenzake wakadhani kaungua. Walipojua, mashuka yakarushwa juu, na meneja akateremka ngazi mbio kuona kulikoni.

"Ninaomba likizo ya siku kumi, bosi," alisema Mama Pasi akihema.

"Unakwenda kukimbia, kwa umri huo?"

"Wakimbie wao. Mimi nakwenda kuangalia wanakanyaga wapi."

Meneja akaomba kalamu aandike ruhusa.