Pikapu Mpya ya Lavern Hochstetler

Lavern Hochstetler alizaliwa kwa watu wasiopigana. Waamishi wa LaGrange, kaskazini mwa Indiana, Wakristo wasiomiliki magari wala kuvuta umeme, wakipigwa humwachia Mungu, na wakipigwa tena humwachia tena. Lavern aliyanyonya mafundisho hayo pamoja na maziwa ya mama. Utotoni, akigombana na kaka yake Freeman juu ya kisu cha mfukoni, walisukumana tu kama ndama, kisha baba akawapeleka ghalani wapige magoti.

Alibatizwa angali kijana, akala kiapo mbele ya kanisa, halafu akakivunja kwa ajili ya mwanamke. Wakati huo alikuwa kiwandani akigongomea mapaa ya trela za kuishi, zile nyumba za magurudumu ambazo wazee waliostaafu huzunguka nazo nchi nzima. Denise alikuwa akishona mapazia ya trela hizohizo. Hakuwa Mwamishi. Walipooana, kanisa likamtenga Lavern, na yeye akajifunza kuendesha gari, akanunua pikapu, akaacha nyundo na kuanza kuzivuta trela alizokuwa akizijenga, kuzipeleka kwa wauzaji wa mbali.

Kanisa aliliacha. Mikono yake haikuliacha.

Mtu wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Curtis Stroud, dereva mwenzake, mtu wa mabega kama mlango wa ghala. Asubuhi moja waligombea nafasi kwenye foleni ya kuchukua trela katika yadi ya kiwanda, na Curtis akamzaba kofi mbele ya madereva wote. Lavern akabaki amesimama, mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Hakuwa anasali. Alitaka kurudisha, alitaka sana, lakini mikono ilikataa kunyanyuka.

"Geuza na la pili, mchungaji," Curtis akasema.

Na Lavern, kabla hajafikiri, akageuza. Yadi nzima ikacheka.

Tangu hapo Curtis alimfanya gunia la mazoezi. Alimng'oa jino kwa kiwiko wakiwa kwenye mzani wa magari. Siku nyingine alimfuata nyuma ya vyoo vya yadi, akampiga mateke ya mbavu hadi akatapika, kisha akamwokotea kofia yake na kumvisha, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto. Nyumbani Denise alimwekea barafu kwenye uvimbe, halafu akamwambia neno lililomuuma kuliko mbavu.

"Umeacha kanisa ukatoka na woga wake tu."

Mwezi wa Machi Lavern alikuwa akipeleka trela Nebraska, akasimama kwenye kituo cha mafuta huko Iowa anunue kahawa. Trela za aina hiyo hazifungwi mkiani mwa gari. Pua yake hupanda juu ya bodi la pikapu, na pini nene iliyo chini ya pua huingia katika kiti cha chuma kilichofungwa bodini, kikaibana kwa mataya yake. Pembeni ya kiti kuna mkono wa kufungulia. Mtu aliuvuta ule mkono Lavern akiwa ndani ananunua kahawa. Alipoondoa gari, pini ilichomoka, na tani nane za nyumba zikaangukia bodi, zikalibonda kama kopo la maharage. Pikapu ilisimama ghafla kana kwamba imeshikwa mkia. Lavern akapiga uso kwenye usukani. Trela ikateleza upande, ikaelekea kwa mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa wake. Mwanamke aliponea chupuchupu. Mbwa hakupona.

Gari la Curtis lilikuwa hapo kwenye pampu za mafuta siku hiyo. Lavern aliliona kwa jicho lisilojaa damu. Lakini hakuna aliyeshuhudia chochote, na polisi waliandika kwamba dereva hakufunga vizuri.

Pikapu aliyonunua baada ya hapo ilikuwa kubwa kuliko zote za yadi, ya dizeli, tairi mbilimbili kila upande nyuma, bodi refu. Ingeweza kuvuta trela za ekseli tatu. Mgawaji wa mizigo alipoiona tu akampa njia ya Montana, ambayo kwa miaka ilikuwa ya Curtis. Ilibaki kuiwekea kiti cha chuma cha kushikia trela, na kazi hiyo Lavern hakutaka kumpa fundi wa mjini. Aliipeleka kwa Freeman.

Freeman alikuwa na karakana nyuma ya shamba la mama yao, Ada. Umeme wa nguzo haukuingia humo. Injini ya dizeli ilinguruma bandani na kusukuma upepo ndani ya mabomba, na upepo huo ndio uliozungusha keekee na spana zake. Kanisa halikumruhusu Freeman kumiliki gari, ila hakuna aliyemkataza kulala chini yake. Wala kumsaidia aliyetengwa hakukuwa dhambi, mradi asipokee kitu kutoka mkononi mwa mtu huyo.

"Gari halijapata hata vumbi," Freeman alisema akiwa chali chini ya chasisi, "na wewe unataka nilitoboe tumbo."

"Toboa tu, kaka. Ndiyo kazi iliyolileta duniani."

Walipima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kupima kuliwapa nafasi ya kuwa pamoja. Freeman alisisitiza kiti kikae mbele kidogo ya ekseli. Kikikaa nyuma yake, alisema, mzigo utaning'inia mkiani na usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Akatoboa sakafu ya bodi, akapaka rangi kwenye vidonda vya chuma visishike kutu, akafunga reli mbili hadi kwenye chasisi kwa bolti nene kama vidole gumba. Wakashusha kiti juu ya reli, Lavern akikisogeza kwa mtaimbo mpaka matundu yakalingana. Freeman alikuwa amefua kipande cha chuma cha kupitishia kufuli, ili mkono wa kiti usivutwe na mtu mwingine yeyote. Zilibaki nyaya za breki na taa.

Mchana huo ndipo Curtis alipokuja. Aliacha gari lake barabarani akaingia kwa miguu, akaizunguka pikapu mpya akiigongagonga kwa vidole kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Nzuri," alisema. "Na hii nayo nitaivuta mkono."

Lavern akauliza, kwa sauti ambayo hakuijua, kama ya Iowa ilikuwa kazi yake. Curtis alicheka. Akaokota nyundo ya Freeman pale juu ya meza, akavunja taa ya nyuma ya kushoto, kisha ya kulia. Halafu akavunja kioo cha nyuma, na vipande vikamwagika hadi kwenye viti vilivyokuwa bado na nailoni. Lavern alisimama na mtaimbo wake mkononi. Mikono yake ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote.

Freeman akatoka chini ya gari, akajipangusa. "Rafiki," alisema, "weka nyundo chini, twende ndani mama atupe chakula."

Curtis akampiga kofi. Kofia ya majani ikaruka. Freeman hakurudi nyuma. Aligeuza uso, akampa shavu la pili, wala hakufanya hivyo kwa kuduwaa kama Lavern alivyofanya yadini. Alifanya kwa hiari, akimtazama machoni. Jambo hilo lilimkera Curtis kuliko tusi. Akamkamata ndevu, akamvuta chini, akampiga goti la uso.

Damu ya Freeman ilipodondoka kwenye vumbi la chuma, mikono ya Lavern ilinyanyuka.

Pigo la kwanza lilimpata Curtis kwenye mkono wenye nyundo, na mfupa ukalia. La pili lilimpata tayani. Alianguka na kujaribu kutambaa kuelekea mlangoni, na Lavern akamfuata akimpiga mgongoni, mabegani, kila penye nyama. Alipogeuka kujikinga, ncha ya mtaimbo ikamwingia jichoni. Curtis alipiga yowe kama farasi aliyevunjika mguu. Lavern alisikia yowe hilo, akahisi raha. Raha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, kama ya mtu aliyefunga kwa miaka na sasa anakula.

Ndipo Freeman akajitupa juu ya Curtis. Alimfunika mwili mzima, kichwa chake juu ya kichwa kile kilichopasuka, akipiga kelele kwa Kijerumani chao cha nyumbani, "Basi, Lavern, basi!" Mtaimbo ulikuwa juu. Lavern aliliona shati la buluu ambalo mama yao ndiye aliyelishona. Akajua ni la nani. Akapiga. Akapiga tena. La kwanza lilimvunja Freeman mfupa wa bega, la pili likamsaga kiwiko.

Ada ndiye aliyemnyang'anya mtaimbo. Alikuja mbio na aproni yake yenye unga, akaushika kwa mikono miwili, na Lavern akauachia.

Alifungwa jela ya wilaya. Hakufungwa muda mrefu kama alivyotarajia, kwa sababu Curtis ndiye aliyeanza, na Freeman alikataa katakata kushtaki au kutoa ushahidi. Jela haikumtuliza. Wiki chache baada ya kuingia alimvunja pua mfungwa mmoja kwa sababu ya godoro. Mikono sasa ilijua njia. Siku Denise alipokuja kumtembelea, Lavern alinyanyua mkono kujikuna shingo, na mkewe akajirudisha nyuma na kiti. Wote wawili waliona. Mara ya pili Denise hakuja, alituma barua kusema amehamia kwa dada yake Fort Wayne kwa muda.

Freeman naye alikuja, ameletwa na dereva wa kukodi. Alikaa upande wa pili wa kioo, kiwiko kimepinda kama kishikio cha birika. Hakitanyooka tena, madaktari walikuwa wamesema.

"Nataka kukuuliza jambo moja," alisema. "Uliniona?"

Lavern angeweza kusema hapana. Mtu yeyote angemwamini.

"Nilikuona, kaka."

Freeman akatikisa kichwa polepole. Halafu akamweleza kwamba mahindi ya mwaka huu yamechelewa.

Habari za Curtis alizipata kwa vipande. Alipolazwa na taya lililofungwa waya, Ada alikwenda hospitali na supu ya kuku kwenye chupa, kwa sababu aliyempiga alikuwa mwanawe. Akaenda tena. Curtis hakuwa na mtu wa kumsubiri nyumbani, na kwa jicho moja kampuni haikumtaka barabarani. Alipotoka, Freeman alimpa chumba juu ya karakana, awe analisha farasi na kushika vyuma ambavyo mkono wa Freeman haukuweza tena kushika.

Lavern alitoka jela theluji imeshaanguka. Alikwenda kuchukua pikapu, na mama yake hakumwacha aondoke bila kula. Akaingia jikoni. Kwenye meza ndefu walikaa mama, Freeman, mke wa Freeman, na Curtis Stroud na kitambaa jichoni, akimega mkate. Aliyetengwa hali meza moja na waumini, kwa hiyo Ada alikuwa amemwekea mwanawe kimeza kidogo karibu na jiko, sahani ileile, viazi vilevile, mchuzi uleule.

Curtis hakuijua desturi hiyo. "Mbona anakaa kule?" aliuliza, na Ada akamwongezea viazi. Lavern alikula akiwapa mgongo. Alimsikia adui yake akiomba chumvi, na mama yake akimpa.

Alipomaliza alishukuru, akatoka. Pikapu ilikuwa nje ya karakana, kioo na taa vimebadilishwa, nyaya zimeunganishwa. Kila kitu kilikuwa kimekamilika. Alikuwa akiisukuma theluji kutoka kwenye matairi aliposikia hatua.

"Iowa ilikuwa mimi," Curtis alisema.

"Najua."

"Nilitaka bodi livunjike tu. Yule mbwa sikumkusudia."

Curtis akamsogelea, na bila neno zaidi akamtwanga ngumi ya tumbo. Lavern akaanguka kwa magoti, akavuta pumzi zisipatikane. Vidole vyake, vikitafuta ardhi chini ya theluji, vikakuta tofali lililokuwa limewekwa chini ya tairi kama kizuizi. Likamkaa mkononi vizuri mno. Alinyanyua macho. Curtis alikuwa amesimama karibu, miguu wazi, jicho lake moja likimtazama, wala hakujikinga, kana kwamba alikuja kupigwa. Mlangoni mwa nyumba alikuwa amesimama Freeman, na safari hii hakukimbilia kati yao.

Raha ile ikaanza kupanda. Aliitambua kama mtu anavyotambua harufu. Alilishika tofali mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akaufungua mkono, likaanguka. Hakuwa amesamehe. Aliogopa jinsi pigo lingekuwa tamu.

"Rudi ndani," alimwambia Curtis. "Utakosa keki."

Curtis akatema mate kwenye theluji, akarudi ndani.

Siku hizi Lavern anavuta trela za kiwanda kingine, kutoka Nebraska kwenda Oregon, na haegeshi mahali wanapokusanyika madereva. Anakula ndani ya gari. Denise hajarudi, ila humpigia simu Jumapili, nao huzungumza juu ya barabara na hali ya hewa hadi mmoja wao aishiwe maneno.