Sauti ya Chini ya Wasike Yazimisha Feni Nyalenda

Saa nane mchana, mabati ya ukumbi wa video wa Bwana Mburu mtaani Nyalenda, Kisumu, yanatatarika kwa joto. Ndani, watu wamebanana kwenye mabenchi, feni imezimwa na hakuna anayelalamika. Kando ya runinga ameketi Wasike, maikrofoni mdomoni.

"Kitendawili," anasema, kwa sauti ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Tega."

"Kila jioni anaingia kwangu, na hatua zake sijawahi kuzisikia."

"Mwenye nyumba," anajibu mmoja.

"Mwenye nyumba namsikia akiwa bado barabarani. Nipeni mji."

"Chukua Bungoma."

"Bungoma ni kwetu. Mnanipa kilicho changu?" Wanacheka. "Haya, nimefika Bungoma, nimekula kuku, nimerudi. Ni giza."

Anabonyeza kitufe, na filamu inaanza.

Wasike, mwenye umri wa miaka 46, ni mtafsiri wa filamu. Kwa miaka kumi na saba amezisimulia kwa Kiswahili huku zikiendelea, akipaza sauti kushinda bunduki. Mwaka jana alitolewa uvimbe kooni. Alipona, lakini ile sauti kubwa haikurudi, na kumbi zikaacha kumpigia simu. Nyumba ikabaki mikononi mwa mkewe Rachael, muuza dagaa wa omena.

"Nashukuru Mungu nilipona," anasema. "Lakini kazi yangu ilikuwa mdomo. Nikakaa pale nyumbani, Rachael anatoka alfajiri, mimi namwangalia tu."

Katika kukaa huko akakutana na filamu ya kutisha kutoka Australia, ambayo hata huko kwao iliwapita wengi. Alisoma maoni mtandaoni: wengine walisema inajikokota, wengine waliiacha njiani. Ni habari ya mama na bintiye kwenye shamba la kondoo. Kila jioni mtu anasimama nje ya ua, na kila jioni amesogea kidogo. Maneno ni machache, risasi hakuna. Wasike akaona hapa huenda pakawa na nafasi yake.

"Wasike, hii ni filamu ya kulalia," Mburu alimwambia. Lakini kwa heshima ya miaka waliyofanya kazi pamoja, akampa Alhamisi moja mchana. Watu wakitoka katikati, basi, maikrofoni apewe mwingine.

Mwanzo ulikuwa mbaya. "Mzee, ongeza sauti, hatusikii," alidai Griffins, mwendesha bodaboda. Mburu alipoongeza sauti ya spika, ikakoroma tu na maneno yakapotea. Wawili wakainuka.

Ndipo Lorna, anayeuza mitumba sokoni Kibuye, akageuka nyuma. "Yawa, Mburu, zima hiyo feni tumsikie baba wa watu. Na nyinyi kaeni, mnakimbilia wapi na jua hili?"

Mchana wa Kisumu feni haizimwi. Siku hiyo ilizimwa. Watu wakavuta mabenchi mbele, jasho likiwatiririka, na Wasike akanong'ona, "Amesogea." Hakuna aliyetoka tena.

Mlangoni, baadaye, maoni yalikuwa ya kila namna.

"Hakuna ngumi hata moja," alisema Griffins, "na bado nimejikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua."

"Mwisho wake haujanikalia vizuri," mwingine akalalamika. "Huyo mtu ni nani? Wametuacha hivyo tu."

Lorna alikuwa na lake. "Mimi yule wa uani sikumwogopa. Niliogopa ile nyumba. Unapiga nduru, nani atakuja? Hapa kwetu ukikohoa tu, jirani anauliza kama umemeza dawa."

Wasike aliyasikiliza yote akiwa ameegemea ukuta. "Walinitukania filamu, wakaisifu, wakabishana," anakumbuka. "Hakuna aliyetaja koo langu. Nitawashukuru mpaka nizeeke."

Tangu hapo Alhamisi ni zake, na Mburu humtafutia filamu nyingine zisizo na kelele. Juma lijalo anakwenda Kombewa, ambako mwenye ukumbi mmoja unaotumia umeme wa jenereta ameomba aisimulie hiyohiyo ya shamba la kondoo.

"Nimemwomba jambo moja tu," anasema Wasike. "Jenereta akaiweke mbali na ukuta. Wakinisikia, mengine tutaelewana."