Uso Ulioelekea Bahari

Kwetu Bofu mtu akifa huitwa mimi kabla hata turubai halijafungwa, maana mimi ndiye mchimba kaburi. Ndiyo sababu watafiti walipokuja huku kwetu Likoni kuchimba shamba moja karibu na ufuo, wakitafuta mabaki ya wavuvi walioishi huku kabla hata chuma hakijajulikana, waliniajiri. Mkono wangu unaujua udongo uliowahi kufukuliwa na ule ambao haujaguswa.

Wiki mbili tulichekecha makombe ya chaza na miba ya samaki. Ya tatu, chini ya makombe hayo, nikafikia mfupa wa mtu. Tulimfunua kwa brashi taratibu mpaka akaonekana mzima: amelalia ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, uso umeelekea bahari. Mkuu wa kazi, binti wa bara aliyesoma sana, akasema picha zitapigwa baada ya chakula.

Wenzangu wakaenda kula, mimi nikabaki. Maishani mwangu sijapata kumwacha maiti bila kumwelekeza kibla, na mkono haukuniuliza. Nikaugeuza ule uso, nikaweka bonge la udongo chini ya shavu kama tufanyavyo, nikaenda kunawa.

Mkuu aliporudi alijua papo hapo. Aligomba mpaka sauti ikamkauka. Alisema namna walivyolazwa watu hawa ndiyo iliyomtoa kwao, na sasa itambidi aandike daftarini kuwa uso ulikoelekea hakujulikani. Na mimi nisikanyage tena pale.

Kufukuzwa nilikubali, kosa lilikuwa langu. Nilichokataa ni kuandikwa kuwa hakujulikani. Nilishuka shimoni nikachutama kando ya marehemu, nikamweleza mkuu kuwa uso ulitazama bahari na kidevu kiligusa bega la kushoto. Akanijibu kwamba bila picha hayo, na hata aliyoyaona yeye, ni maneno tu.

Nilipandwa na ghadhabu. Makaburi niliyochimba Bofu hayana picha hata moja, na niulize nani kalala wapi, nitakuonyesha. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe. Huyu alikuwa na watu wake. Walimkunja magoti kwa mikono yao, wakamwelekeza walikotaka, nami nikaja nikamgeuza kana kwamba hakuwa na wenyewe.

"Andika, mwanangu," nikamwambia. "Andika kuwa mchimba kaburi alimgeuza, na kwamba alikuwa akitazama bahari. Wallahi sitoki humu mpaka uandike."

Jua likatuchoma sote wawili. Wenzangu wakasimama ukingoni, hakuna aliyethubutu kunishika. Mwishowe yule binti akafungua daftari, akaniuliza tena habari ya kidevu, bega na upande. Akaandika, akanisomea. Kisha akauliza, mimi shahidi wake aniandike kuwa ni nani kwa marehemu.

"Aliyemkosea," nikasema, nikatoka shimoni.