Waliyemwita Maalim Kabla Hajatambaa

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile Mama aliposimama barazani ameushika mwiko wa kupigia chokaa kwa ncha za vidole, kama aliyeokota panya mfu. Alikuwa ameukuta chini ya kitanda cha mdogo wangu Lali, umefungwa ndani ya kikoi. Sisi ni watu wa Pate, nyumba zetu ni za mawe na chokaa, na mwiko ni chombo cha kila fundi mwashi. Lakini kwa uso aliokuwa nao Mama, ungedhani amekuta chupa ya pombe.

Weka hiyo simu kifudifudi kwanza. Haina miguu, haitakimbia. Haya ninayokwambia hayamo humo.

Mama yetu, Bi Khadija, alinizaa mimi nikaishi. Walionifuata, wote wavulana, hakuna aliyefika siku arubaini. Ilifika hadi akijifungua watu hawajui waje na hongera au wasubiri waje na pole. Basi alipokuwa na mimba ya Lali akaweka nadhiri: mtoto huyu akiishi, ni wa Kurani, atakuwa mwalimu wa chuo, kazi nyingine hana duniani. Lali akaishi. Mama hakuificha nadhiri yake, mji mzima ukaijua, na tangu mtoto yuko kwenye susu akibembezwa watu wakawa wanamwita Maalim. "Maalim kaamka?" "Lo, Maalim kajikojolea!" Watu wacheka, nami nacheka. Mtoto hajatambaa, ameshafungwa kilemba.

Nisikilize vizuri hapa, usije ukanisingizia. Ualimu wa chuo ni kazi tukufu. Mimi mwenyewe nilichojua cha dini yangu nilikipata kwa mwalimu wa chuo, nikiwa nimekaa mkekani. Sisemi kazi ilikuwa mbaya. Nasema haikuwa yake.

Maana Maalim wetu moyo wake ulikuwa kwenye mawe. Marehemu Baba alikuwa akilima tumbaku kule kwenye magofu ya mji wa kale, baina ya kuta zilizobomoka. Ukimtuma Lali ampelekee Baba chai, utamkuta ameweka birika chini, anarudishia mawe yaliyoporomoka, moja juu ya jingine, anayageuza mpaka yakae. Chai yapoa, Baba apiga kelele na kiu yake, mwenyewe hasikii. Akitoka chuoni apitia kwa fundi mmoja wa mtaani, ampondea udongo, ampepetea chokaa, arudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope. Mama akimwona hivyo anamwogesha kwa hasira, kama anayesugua sufuria iliyoungua.

Sasa chumba cha Mama kilikuwa na ufa, umeanzia kwenye pembe ya dirisha, wapanda darini. Lali kila siku macho yapo kwenye ufa ule. Ndiyo maana akatafuta mwiko, akauficha.

"Lali! Nini hiki?"

"Mwiko, Mama."

"Naona ni mwiko, sijapofuka. Wafanya nini nyumbani mwangu?"

"Nataka nikuzibie ufa wa chumbani. Masika yaja."

Mama akauinua ule mwiko mbele ya uso wake. "Mikono niliyomuahidi Mungu haishiki chokaa. Ndia yako ni moja na waijua, yaenda chuoni. Ukiigusa kazi hii tena, radhi zangu huna, na maziwa niliyokunyonyesha nitakudai kesho mbele ya Mungu."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kisima kilichokauka, akautupa. Tukausikia ukigonga jiwe.  Lali alikuwa na umri wa kuanza kuota masharubu, lakini alilia wazi mbele yetu, na hakujifuta.

Nyinyi siku hizi mwalitaja neno radhi kwenye kadi za harusi tu. Kwetu sisi mtu asiye na radhi ni kama aliyeambiwa hana nti ya kukaa, hana pa kukanyaga. Akila hashibi, akilala hapumziki. Mzazi akishalitoa neno hilo, hata mtoto akiwa mtu mzima na wake wawili, hurudi kuomba msamaha. Mama alijua hivyo. Hakuwa mwanamke mbaya, na nitagombana na atakayesema alikuwa mbaya. Alikuwa amezika watoto mpaka akaogopa hata kivuli. Aliamini kwamba siku Lali akiacha ile nadhiri, Mungu atamchukua kama alivyowachukua wenziwe. Alimpenda kwa kumkaba.

Haukupita muda, Maalim Athmani, mzee aliyekuwa akitusomesha chuoni, akaja nyumbani alasiri. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Mama alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia, nami nikapeleka kahawa. Mzee akaisogeza kando.

"Bi Khadija," akasema, "mwanao ana adabu kuliko wote nilionao. Lakini nikimpa aya leo, kesho haimo. Namsomesha huku macho yake yapo kwenye boriti za dari. Muachie ndia yake."

"Maalim, niliweka nadhiri."

"Uliweka wewe, basi ilipe wewe. Funga wewe, toa sadaka wewe. Mtu hawezi kuweka nadhiri kwa kitu kisicho chake, na umri wa mwanao si wako. Mwashi akijenga msikiti akaswali ndani yake, kuna nadhiri gani tena unayoitaka?"

Mama alilisogeza pazia kidogo, nikadhani amelainika. Kisha akasema, na sauti yake naisikia hivi sasa: "Wewe Maalim hujawahi kumfunga mwanao sanda na huku maziwa yachuruzika kifuani. Ukishamfunga, njoo unifundishe."

Mzee akainuka, kahawa hakuinywa. Mlangoni akaniambia mimi, "Mama yako ana uchungu, mstahi. Lakini uchungu wake utamla asiyehusika."

Wasema wahenga, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, Lali alilisikia la mkuu. Alilisikia lote, akaenda Amu, mji wa Lamu, kusoma, miaka ikapita, akarudi na kanzu na kofia ya kushona kwa mkono, na akapewa kusomesha watoto kijiji cha Mbwajumali, kisiwani petu. Mama siku hiyo alipika pilau akagawa mtaa mzima. Watu wakala wakashiba, wakasema Bi Khadija nadhiri yake imetimia. Lali alikaa baina yao kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kilichofuata nakisema kwa sababu ni lazima nikiseme. Lali hakuwa mkali hata kidogo. Kuku akichinjwa nyumbani yeye huondoka. Lakini kule Mbwajumali akawa mtu wa fimbo. Tulisikia maneno, Mama akasema ni wivu wa watu. Mpaka asubuhi moja akaja mwanamke kutoka huko, na mtoto wake mkononi, akasimama barazani petu, kukaa hataki.

"Bi Khadija, mwite huyu mtoto," akasema. "Nimemziba sikio la kushoto, simama huku kwa upande wa kulia umwite."

Mama akamwita. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Mtoto alikuwa anamtazama kuku uani.

"Ni kofi la mwanao. Sikio hili halisikii tena. Sikuja kudai, nimekuja uone." Akamshika mtoto wake, akaondoka.

Jioni Lali alirudi mwenyewe. Nilimfuata ukumbini, nikamuuliza, "Lali, wewe huyu? Kwani una nini?"

"Dada," akasema, "kila nikifungua mdomo nahisi nasema uwongo mbele ya msahafu. Watoto wakiniuliza, sijui. Yule mtoto alinitazama nikaona amenijua kwamba sijui. Nikampiga ili asinitazame."

Astaghafirullah. Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo nasikia baridi. Hatukuwa tumemharibu Lali peke yake, mwanangu. Tulikuwa tumemchukua mtoto wa watu kule Mbwajumali tukamtia kwenye hesabu yetu.

Asubuhi yake alishuka bandarini Mtangawanda akapanda mashua ya abiria, akaenda zake Mombasa. Huko akawa hamali, abeba magunia. Simu zilipoingia nilimuuliza mara nyingi: Mombasa yajengwa kila siku, kwa nini usiingie kwa waashi? Jibu lake lilikuwa moja: "Dada, radhi." Hakuwa tena mwalimu, na mwashi hakuthubutu kuwa. Ule ufa wa chumbani nao ukawa unaendelea na safari yake. Tulikuwa tukiita mafundi, Mama hawataki. Sijui kwa nini. Hakuniambia, na mimi sikumchokonoa.

Mama alipougua ugonjwa wa kufa alilazwa chumba hichohicho. Kitanda chake kilikabili ule ufa, na ulikuwa sasa umepanuka hata mjusi apita. Alikuwa akiutazama kutwa. Siku moja akaniambia, bila kunigeukia, "Lali angeuziba."

Nikamwekea mto sawa.

"Mpigie. Mwambie namwachilia. Radhi zangu zote, na maziwa. Mwambie ashike chokaa, ashike na matope, afanye atakalo, ila aje."

Nikapiga, nikamweleza.  Akasema anakuja. Alipofika Pate, Mama tulikuwa tumeshamzika.

Lali alikuwa na mvi kichwa kizima. Mgongo umepinda kwa magunia, vidole vimekakamaa havikunjuki vyote. Aliniuliza jambo moja tu: "Alisema kwa mdomo wake?" Nikamwapia kwamba ndiyo, kwa mdomo wake. Basi akaomba chokaa. Akaazima mwiko kwa jirani, akaingia chumbani kwa Mama, nami nikasimama mlangoni.

Alichota chokaa akaipiga kwenye ufa. Ikadondoka. Akachota tena, akaisukuma kwa kiganja, ikakaa kidogo, ikadondoka na kipande cha ukuta. Vidole havikuweza kuufumbata mwiko. Alijaribu mpaka sakafu yote ikawa nyeupe na ufa uko palepale. Yule mtoto aliyekuwa akiyageuza mawe mpaka yakakaa, mwanangu, hakuweza kujaza upenyo wa mjusi. Akaketi chini kwenye ile chokaa, mtu mzima, akalia kama siku ile ya kisima.

"Imekuja, dada," akaniambia. "Radhi imekuja. Mkono ndio umekwenda."

Alirudi Mombasa, na huko ndiko alikofia, mwaka jana. Taarifa ilipofika, yule kijana anayetangaza vifo kwenye kipaza sauti cha msikiti alinijia mlangoni. Unajua kwetu watu hutangazwa kwa walivyokuwa: Maalim fulani, Fundi fulani, Nahodha fulani. "Bi," akaniuliza kwa adabu, "tuseme nani amefariki?" Nikafungua mdomo. Maalim? Kuna mtu mzima kule Mbwajumali, sikio lake la kulia halisikii, ningemwambia nini? Fundi? Fundi wa wapi, na ukuta gani?  Mwisho nikamwambia, "Sema Lali. Lali wa Bi Khadija." Ndivyo alivyotangazwa.

Juzi mjukuu wangu alikuja kunionyesha mtoto wake mchanga, anamrusharusha, "Dokta wangu, Dokta wa Mama." Nilimkaripia mpaka akashangaa, masikini. Akasema, "Bibi, ni mapenzi tu." Najua ni mapenzi. Na ya Mama yangu yalikuwa nini?

Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, mkunje ajue adabu, ajue Mungu wake, ajue kuamka mapema na kutoiba. Lakini ukimkunja samaki awe ndege utamvunja mgongo, na ndege humpati. Mzazi ana haki ya kushauri, kuonya, hata kukasirika. Mwanao mwombee, usimwekee nadhiri. Kama una deni na Mungu, lilipe kwa njaa yako na jasho lako, usimtume mtoto akakulipie. Na radhi usiifanye kamba ya kufungia mbuzi. Itoe mapema, mkono wake ungali na nguvu, kwa maana ikichelewa haimfai yeye wala wewe.

Na wewe uliye mtoto wa mtu, usimtukane mzazi wako kwa hofu yake. Kaa naye, mwulize alizika nini. Lakini kazi usiyoiweza usiikubali kwa kunyamaza, ukaja kuwatolea hasira watoto wa wenzio. Sema kwa adabu, na ukishindwa, sema tena. Kunyamaza kwa Lali hakukumwokoa yeye wala Mama.

Basi Mungu akujaalie kazi ambayo siku ya kufa kwako jirani hatauliza uitwe nani. Akuwekee wazazi wako, wakuachie radhi ungali waweza kuitumia. Na ukijaaliwa mwana, mwite jina ulilompa, hayo mengine atajitafutia mwenyewe.

Haya, chukua simu yako. Ukipita hapo chumbani kwa Mama usiegemee ule ukuta.